Mke wa Mwanangu Anatwanga Jina Langu

Mshauri wa gazeti, ningeandika mpendwa kama wenzangu wanavyoandika, lakini sikujui, wala sijui barua zikitoka kwetu Ulanga zinapita mikononi mwa nani kabla ya kufika kwako huko Dar es Salaam, kwa hiyo nakuita mshauri tu, na msaada wako nauomba, na jina langu sikupi, nawe ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini.

Kwanza unifahamu. Mimi ni mtu wa mto. Hapa Ifakara, panda juu au shuka chini, hakuna aliyechonga mitumbwi kunishinda, na wanaosema yupo waulize mtumbwi wa huyo mtu uko wapi sasa, umeoza. Viboko nimeua kwa mkuki, si kwa bunduki kama askari, ambao wanapiga kwa mbali wakiwa wamejificha halafu wanajisifu. Mdachi wa boma amevuka katika mtumbwi wangu, yeye na kiti chake na mbwa wake, na hakulowa hata soksi. Kusoma nimejifunza na mvi zangu, nikikaa benchi moja na watoto wanaojamba, na masika moja tu ilitosha nikajua herufi zote, mwalimu mwenyewe alishangaa, kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mjinga. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Ukimpa mtu siri yako akuandikie, tayari mko wawili.

Nyumbani tuko wachache. Mke wangu alikufa mwaka wa njaa, baada ya vita vya Maji Maji. Yuko dada yangu Kandida, mjane, ambaye mdomo wake haujapumzika tangu azaliwe. Mwanangu Dionisi yuko kazi ya reli upande wa Kilosa. Na yuko mkewe, Yosefina, mtu wa Sanje kule chini ya milima, na mtoto wao Fulgensi, ambaye sasa anakimbia na kuvunja vitu. Huyu Yosefina ndiye shida yangu.

Kwetu sisi baba mkwe na mke wa mwana hawazungumzi uso kwa uso. Akiniona njiani anaingia majanini, nami nageukia upande mwingine. Akiwa na neno anampa Kandida, hata kama tuko watatu uani na mimi nasikia kila kitu: "Shangazi, mwambie baba maji ya kuoga yako tayari." Kandida ananigeukia, "Kaka, maji tayari." Nami nasema, "Mwambie nimesikia." Na jina langu halitamki kabisa, si mbele yangu, si nyuma yangu. Hiyo ndiyo heshima, na Yosefina ameishika vizuri, sitasema uongo, hata siku alipoona nyoka karibu na mguu wangu alimpigia kelele Kandida amwambie baba kuna nyoka, na nyoka akaenda zake kabla habari haijanifikia.

Sasa amekuja mwalimu wa dini, Pantaleo, kijana wa upande wa Mahenge, mwembamba, anacheka kabla ya kusema. Naenda kufundishwa naye, sikatai. Mke wangu alibatizwa siku chache kabla hajafa, na nataka kuzikwa upande ule alikozikwa yeye. Basi Pantaleo akaleta somo la shukrani. Akasema Mkristo asianze siku yake kabla hajamshukuru Mungu kwa watu wake na kwa alivyojaliwa, mmoja mmoja, kimoja kimoja, kwa majina. Wanawake wakamwambia, "Mwalimu, asubuhi sisi tuko kinuni, mtoto analia mgongoni, nafasi hiyo tuipate wapi?" Akawaambia, "Basi shukuruni hapo hapo kinuni. Kila mchi ukishuka, taja jina moja." Wakacheka, wakapiga makofi, wakaona jambo jepesi. Mimi peke yangu sikucheka.

Maana shukrani mimi siiamini. Mwaka wa vita alikuja mtu na maji yake, akatunyunyizia, akasema risasi za Mdachi zitayeyuka, na kabla hatujaona lolote akataka tumshukuru, tukamshukuru kwa mtama na mbuzi, na risasi nawe unajua zilivyokuwa. Vita vilipokwisha akida akatukusanya akasema tushukuru kwamba tumesamehewa, tukashukuru, kesho yake tukatwishwa mizigo. Tangu hapo nimejiwekea sheria yangu. Anayetaka nishukuru natazama kwanza mkono wake mwingine uko wapi. Na nashukuru nikishaona, si kabla.

Na majina je? Wadachi walipotushinda walianza kusoma majina mbele ya boma. Ukisomwa unatoka mstarini unapelekwa nyuma ya ukuta. Mdogo wangu alisomwa. Alikuwa anatafuna muwa, akampa jirani amshikie. Yule jirani aliushika mpaka jua likazama, hakujua aufanyeje.

Basi mwezi uliopita, asubuhi, umande bado haujakauka, natoka kwenda mtoni, nikashika njia ya nyuma ya jiko. Nasikia mchi. Nasikia na sauti ya Yosefina, taratibu, inaufuata mchi. "Kwa Dionisi," puu. "Kwa Fulgensi," puu. "Kwa shangazi Kandida, na mdomo wake," puu, hapo nikataka kucheka. Kisha akataja jina langu. Jina langu zima, lile la kuzaliwa, na la baba yangu juu yake, akalitia kinuni akaliangushia mchi puu, akasema, "aliyetuchimbia ndiga mwaka wa njaa," puu tena. Mshauri, mimi niliyesimama mbele ya kiboko jike mwenye mtoto, nilishika mgomba nisianguke.

Kesho yake vile vile, na kesho kutwa. Najua kwa sababu nilikwenda kusikiliza. Sasa niambie wewe unayejua mambo, mtu hukitia kinuni kitu ambacho hataki kukivunja? Na yameanza kuonekana. Jino langu la mbele limetoka, lilikuwa halina tatizo. Mtumbwi mpya, mti wa mvule mzuri, umepasuka kichwani ukiwa nchi kavu, hata maji haujaonja. Mgongo unaniuma upande wa kushoto, na asubuhi unauma zaidi, wakati ule ule wa kutwanga.

Na hiyo habari ya ndiga. Kama huko pwani hamvijui, ndiga ni viazi vya porini vyenye sumu, usipovikata vipande na kuviloweka katika maji yanayotembea vinaua, na mwaka ule wengi hawakufa kwa njaa, walikufa kwa kukosa subira ya kuloweka. Mimi nilijua vinapoota, nikajua na kuviloweka, nikachimba, wakala, Yosefina akiwa na mimba ya huyo Fulgensi, basi yakaisha. Sikufanya ili nitajwe. Mtu anayekutajia ulichompa ama anataka kingine, ama anataka kukirudisha ili asiwe na haja nawe, ama anakifanya kamba ya kukufungia. Sijaona wa nne.

Nikamwita Kandida. "Mwambie aache."

"Aache nini, kaka?"

"Anajua."

Akaenda jikoni, akarudi. "Anauliza, aache kutwanga? Tule mpunga na maganda yake kama bata?"

"Aache kunitaja!"

Akaenda tena, akakawia, nikawasikia wanacheka, akarudi amekaza uso. "Anasema hakutaji kwa watu, anakutaja kwa Mungu. Na kwa Mungu hakuna mkwe."

"Nani amemwambia Mungu hana heshima?"

"Kaka," Kandida akasema, "umeanza lini kumtetea Mungu?"

Ndivyo ninavyojibiwa katika nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Nikamwendea Pantaleo. "Shikamoo, mzee wangu." Marahaba. Nikamuuliza, "Huyu Mungu, majina yetu hayajui?"

"Anayajua yote, mzee."

"Basi anatajiwa ya nini? Anayetajiwa majina ni yule asiyeyajua. Akida alikuwa hayajui, ndiyo maana watu walimpelekea, yakasomwa bomani."

Pantaleo akaacha kucheka. Akakuna shingo, akasema hilo atamuuliza padri. Mpaka leo anauliza.

Tangu hapo chakula cha Yosefina sili mpaka mbwa wangu ameonja na nimemtazama kwa muda. Mbwa hajafa. Lakini hilo halinipi moyo, maana jina linalotajwa si la mbwa.

Kwa hiyo nimekata shauri. Maji ya bondeni yakipungua na njia ikikauka namrudisha Sanje kwa baba yake. Mtoto anabaki, ni wa ukoo wetu. Nimemwambia Kandida amfungie mzigo, na umefungwa, uko pembeni mwa mlango. Yosefina ameambiwa. Hakulia, na hilo nalo nimelitilia shaka. Na asubuhi iliyofuata akashika mchi akatwanga kama kawaida, na jina langu likawemo, mahali pale pale, na ndiga zangu. Mshauri, mtu anayefukuzwa anashukuru nini? Hapo ndipo nilipojua hakika kuna jambo.

Sasa nijibu kwa ufupi, maana karatasi ni ya misheni na padri anaihesabu. Nimrudishe sasa, au nimngoje Dionisi atoke reli amrudishe mwenyewe? Kama nimrudishe au nisimrudishe, hilo sikukuuliza.

Ni mimi, mchonga mitumbwi asiye na wa kumshinda,
Ifakara, ukingoni mwa mto.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee, shikamoo. Iweke vizuri hiyo shikamoo, maana ndiyo heshima ya mwisho utakayoipata kwangu leo.

Umeuliza lini umrudishe. Usimrudishe kabisa. Nimelijibu swali ambalo hukuuliza, na utanisamehe, au usinisamehe.

Hofu yako siicheki. Mtu aliyesikia majina yakisomwa mbele ya boma, na ndugu yake akatoka mstarini asirudi, ana haki ya kushtuka akisikia lake likitajwa. Hata huku pwani wapo wanaoshtuka. Kama ungeniandikia kwamba jina halikukushtua, ningejua unaniongopea. Lakini mzee, mwindaji hodari kama wewe, husikii kitu kikitembea majanini ukarusha mkuki kabla hujajua ni nini. Unangoja uone pua. Wewe umesikia jina lako, umerusha mkuki, na aliyekuwa majanini ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

Tuyatazame hayo mashaka yako. Jino: una umri gani? Hukuniambia, lakini mtu aliyejifunza herufi na mvi kichwani asimsingizie mtu jino. Mtumbwi: mvule mbichi ukiuacha juani bila kuufunika majani unapasuka kichwani, na hilo wewe unalijua kuliko mimi, ila mtu hodari kuliko wote hawezi kusema alisahau kufunika, ni lazima awe amelogwa. Mgongo: umeniambia mwenyewe unakwenda asubuhi nyuma ya jiko kusikiliza, na mtu anayejificha husimama amejikunja. Na mbwa wako amenenepa. Hukuliandika, mimi najua tu.

Umesema shukrani huitoi mpaka uone. Sheria nzuri, sina ugomvi nayo, na yule mtu wa maji alistahili kupimwa kwa sheria hiyo. Lakini Yosefina anashukuru kwa nini? Kwa ndiga ambazo ameshazila. Kwa mtoto ambaye ameshazaliwa na anavunja vyombo vyako. Haombi kitu. Hamsifu mtu kabla ya risasi. Ameona kwanza, akashukuru baadaye, kama unavyotaka wewe. Katika nyumba yenu yote anayeifuata sheria yako ni yeye.

Sasa lile swali lililomshinda Pantaleo, nami sitamngoja padri. Mungu majina anayajua. Hatajiwi ili ajue. Anatajiwa ili anayetaja asijidanganye kwamba alifika hapa kwa nguvu zake. Akida alipotaka jina alitaka kumchukua mwenye jina. Yosefina anapolitaja, anasema, huyu nilipewa. Ndiyo, Mungu, namtaja mbele yako, nilipewa huyu mzee mkali, bila yeye nisingekuwa hai. Na umeuliza mtu anayefukuzwa anashukuru nini. Bwana wetu alishika mkate akashukuru jioni ile ile, na aliyemuuza ameketi naye mezani. Alimjua. Hakumngoja aondoke kwanza ndipo ashukuru. Ukilielewa hilo, nenda kamwambie Pantaleo uko tayari kwa ubatizo. Usipolielewa, endelea kukaa benchi na watoto.

Hapa mahali pa kuchapia gazeti yupo mtu wa kwenu Ulanga, Viktor, apangaye herufi. Nilimsomea barua yako. Alisikiliza mpaka pale uliposema heshima, akauliza, "Je, kuku alimpa?" Nikamwambia kuku gani. Akanieleza kwamba kwenu, mke wa mwana akishazaa mtoto wa kwanza na mtoto akatembea, baba mkwe humpa kuku mweupe mbele ya watu, na tangu siku hiyo anaruhusiwa kusema mbele yake na kumtaja inapobidi. Mzee, barua yako ni ndefu. Kuna kiboko ndani yake, kuna soksi za Mdachi, kuna nyoka. Kuku hayumo. Mtoto anakimbia na kinywa cha mama yake bado umekifunga, kisha unamshitaki kwamba amekifungua mwenyewe. Kama ni mila, ishike yote. Usiushike upande unaokupendeza.

Kuna jambo jingine, na hapa nakutilia shaka kama unavyonitilia mimi. Sidhani ni jina lako lililokushikisha mgomba. Nadhani ni zile ndiga. Ulichimba ukawalisha, na walioishi waliishi, na mkeo hakuishi. Barua nzima hujamtaja jina hata mara moja, na wala si kwa kunificha mimi, maana simjui. Kila asubuhi Yosefina anauleta ule mwaka uani kwako na kuushukuru, nawe ungependa mwaka ule ukae ulikokaa. Nakuelewa. Mke wangu mwenyewe nilimzika kwa homa, na siku nyingi nilimchukia kila aliyesema asante mbele yangu. Lakini mzee, katika maisha yako yote uliyoyaandika, hao wote uliowavusha mto, uliowagawia nyama ya viboko, ni nani amewahi kukushukuru? Akida hakukushukuru. Mdachi na mbwa wake hawakukushukuru. Amekushukuru mmoja, na mzigo wake uko pembeni mwa mlango.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye kwa utaratibu huu. Mzigo ufunguliwe leo, na aufungue Kandida, usimpe kazi hiyo Yosefina mwenyewe. Kuku atafutwe, mweupe, mzima, si yule kilema unayetaka kumwondoa bandani. Mwite Pantaleo na jirani mmoja wawe mashahidi. Mpe. Usihutubie. Ukianza kusema habari za mitumbwi, Kandida ana ruhusa yangu kukukatiza. Chakula cha nyumbani kwako kula bila kumwonjesha mbwa kwanza, na ukile mbele yao.

Kisha anza na wewe. Sikwambii ushukuru kwa mambo yote kwa siku moja, utapasuka kama ule mtumbwi. Shukuru kwa kimoja. Una kazi ya mikono, kama wao walivyo na kinu: shoka likishuka juu ya gogo, sema kimoja ulichokiona mwenyewe, ambacho huna shaka nacho. Siku ya pili sema kingine. Na siku utakapoweza, mtaje mkeo. Kwa jina. Kwa sauti, hata kama mtoni hakuna mtu. Mimi nadhani ndilo jina unaloogopa kulisikia, na ndilo la kwanza unalopaswa kulishukuru.

Sasa neno la mwisho, na hili linanisumbua kuliko yote. Barua yako imechukua siku nyingi kunifikia, na gazeti hili litachukua siku nyingi kukufikia, na huko bondeni kwenu maji yanapungua. Inawezekana unayasoma haya na njia imeshakauka, na kinuni hapo kwako anatwanga Kandida, na mtoto anamuulizia mama yake.

Kama ni hivyo, liweke gazeti chini. Usingoje kulimaliza. Usimtume Kandida, usimtume Pantaleo, usimngoje Dionisi. Mchukue mtoto mgongoni mwako wewe mwenyewe, uende Sanje kwa miguu. Ukifika kwa baba yake usiingie ndani, na usieleze kitu. Simama uani, mahali ambapo kila mtu anakuona, umtaje Yosefina kwa jina lake, useme alichokufanyia. Halafu nyamaza, na uwaache wao waamue kama watakupa kiti.